Ngoro za Umatengo: Utamaduni Kama Nyenzo ya Uchumi

Malori yaliyosheheni magunia ya mahindi na maharage si jambo geni katika mji wa Songea. Mji huu, ulio makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, una maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na mkoa wenyewe ni miongoni mwa mikoa ambayo taifa huitegemea kwa nafaka. Mwanafunzi akiulizwa sababu ya neema hiyo, kwa kawaida hutaja mvua ya kutosha na ardhi yenye rutuba. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya jibu. Kama mvua na udongo vingetosha, kila nchi yenye mvua ingekuwa na ghala lililojaa. Nusu ya pili ni namna watu walivyojifunza kuitumia mvua hiyo, kuigawana ardhi hiyo na kupangiana kazi. Mambo hayo matatu ni sehemu ya utamaduni.

Mfano ulio wazi unapatikana magharibi ya Songea, katika milima ya Umatengo, Wilaya ya Mbinga. Huko, kwenye miteremko mikali ambayo mgeni angeidhania haifai kwa jembe, wakulima wamelima kwa zaidi ya miaka mia moja bila ya udongo wao kuishia mtoni. Kilimo chao hutumia mashimo yaitwayo ngoro.

Asili ya ngoro

Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, waliingia katika nchi ya Songea na kuanzisha dola zao. Wamatengo walikimbilia milimani ili kujihami. Mahali pao pakawa padogo, na watu wakawa wengi. Kilimo cha kuhamahama, ambacho mkulima hufyeka msitu, hulima miaka michache kisha huhama, hakikuwezekana tena. Ilibidi ipatikane njia ya kulima mteremko uleule mwaka hadi mwaka. Basi ngoro ni matokeo ya shida iliyotafutiwa ufumbuzi. Haikutokana na tabia ambayo watu wa kabila fulani huzaliwa nayo.

Jinsi ngoro inavyofanya kazi

Mwishoni mwa masika, yapata mwezi wa Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga chini kwa mistari inayokatana, hata shamba likafanana na karatasi yenye miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunikia juu ya nyasi. Nyasi zilizofunikwa huwa tuta, na mahali palipochimbwa huwa shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na mvua zinazofuata mahindi huchukua zamu yake. Baada ya hapo shamba hupumzishwa kwa muda, nyasi huota, na mzunguko huanza upya kwa kuchimba mashimo mapya.

Kisayansi, mambo matatu hutendeka kwa pamoja. Kwanza, maji ya mvua hayapati nafasi ya kuteremka kwa kasi, kwa kuwa kila shimo huyazuia na kuyaacha yanywee ardhini. Udongo unaochukuliwa na maji hutua katika shimo hilohilo. Pili, nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mboji, ambayo hulisha mimea. Tatu, mizizi ya maharage huishi pamoja na bakteria zinazonasa naitrojeni ya hewani, na hivyo huurutubisha udongo kwa manufaa ya mahindi.

Mwanafunzi anaweza kupima uzito wa jambo hili kwa hesabu nyepesi. Tuseme kila ngoro pamoja na matuta yake huchukua eneo la mita 2 kwa mita 2. Hekta moja itakuwa na ngoro 2,500. Kama kila shimo lina upana wa mita 1 kwa mita 1, na maji yakasimama ndani yake kwa kina cha sentimita 10, shimo moja litashika lita 100. Hekta nzima itashika lita 250,000, kiasi kilicho sawa na mvua ya milimita 25. Maji hayo yote yangeteremka bondeni pamoja na udongo.

Kanuni nyuma ya jembe

Ufundi huo haukusimama peke yake. Ardhi ya Umatengo iligawanywa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, ambao ulimilikiwa na ukoo. Kila ukoo ulijua kwamba uharibifu wa mteremko wake utawaangukia watoto wake. Wanawake walisaidiana kuchimba kwa zamu katika utaratibu uitwao ngokela. Wazee walikutana kula na kushauriana katika sengu, na huko migogoro ilisuluhishwa. Elimu ya ngoro ilirithishwa shambani, mtoto akifanya kazi kando ya mzazi.

Umuhimu wa kanuni hizo unaonekana tukitazama Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kujenga matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa lilelile la ngoro. Lakini kazi ilikuwa nzito, amri ilitoka juu, na uchimbaji ulifichua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 zilizuka ghasia, na mpango ukaachwa. Ufundi usioafikiana na maisha ya watu haukudumu, ingawa ulitungwa na wataalamu.

Utamaduni pia hubadilika

Hata hivyo, itakuwa kosa kuufanya utamaduni kuwa kitu cha makumbusho. Kahawa ilipoingia Umatengo katika miaka ya 1920, wakulima waliipokea na kuiweka kando ya ngoro: ngoro ikatoa chakula, kahawa ikatoa fedha. Wangoni na Wamatengo, ambao babu zao walipigana, walikuwa katika chama kimoja cha ushirika kufikia miaka ya 1930.

Leo ngoro yenyewe imo katika mtihani. Watu wameongezeka, na muda wa kupumzisha shamba umepungua. Baadhi ya familia zimehamia ardhi ya miombo iliyo tambarare zaidi, ambako matuta ya kawaida hulimwa kwa wepesi. Aidha, sehemu kubwa ya kuchimba ngoro huangukia mabega ya wanawake, na binti aliyesoma ana haki ya kuuliza kwa nini iwe hivyo. Swali hilo halina budi kujibiwa kwa haki, kwa maana nguvu ya uchumi inayotegemea jasho lisilohesabiwa haitadumu.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walifanya utafiti Umatengo. Baadaye sengu ilitumiwa kama msingi wa kamati za maendeleo vijijini. Njia hiyo ina busara: kuanza na kile ambacho watu wanakijua, kukipima, kisha kukirekebisha.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili isiyochunguzwa nayo yaweza kumfunga mtu. Kazi ya shule ni kuwafundisha vijana kuichunguza. Kila kijiji kina ufundi wake wa kuhifadhi mbegu, kuvuna maji au kugawana kazi. Mwanafunzi na auandike, aupime kwa rula na mizani, na aulize ni nani anayebeba mzigo wake. Hapo ndipo urithi wa wazee utakapokuwa mtaji wa taifa.