Hofu ya Kuonekana

Mwaka 1952 Mary Norton alichapisha The Borrowers, hadithi ya watu wasiozidi urefu wa penseli wanaoishi chini ya sakafu ya nyumba kubwa huko Uingereza. Pod, baba wa familia, hupanda mapazia usiku kutafuta riziki, kazi wanayoiita kuazima. Homily, mkewe, amebandika ukutani barua kuukuu zilizookotwa kwenye kapu la taka, na ametundika stempu zenye sura ya Malkia Victoria kama picha za ukoo. Binti yao, Arrietty, analala katika chumba kilichotengenezwa kwa maboksi ya sigara. Waingereza waliokisoma kitabu hicho kilipotoka walikuwa bado wanapewa chakula kwa mgao, hali iliyodumu hadi 1954, na bila shaka walielewa maana ya kuishi kwa kinachopatikana.

Watu hao wana sheria moja isiyovunjwa: binadamu asikuone. Anayeonekana huhama na watu wake. Arrietty anaonekana na mvulana mgonjwa aliyeletwa kutoka India, na urafiki unaanza, yeye akimsomea mvulana vitabu kwa sauti. Mvulana, kwa moyo safi, anawaletea samani za nyumba ya mwanasesere. Homily anazifurahia, anataka zaidi, na vitu vinapopungua kabatini mpishi anaanza kuchunguza. Mwishowe anaitwa mtu wa kuua panya, na moshi unapulizwa chini ya sakafu. Norton hakuogopa kuwaonyesha watoto kwamba wema wa mkubwa unaweza kumwangamiza mdogo.

Hofu hiyo ya kuonekana ndiyo inayotatiza hadithi hii inapofanywa filamu, kwa kuwa kazi ya skrini ni kuonyesha. Kitabu chenyewe kinaacha shaka kama watu hao wapo kweli: hadithi inasimuliwa na dada wa mvulana yule, na mwishoni mwandiko wa daftari la Arrietty unafanana mno na wa kaka yake. Kamera haiwezi kunong'ona shaka ya namna hiyo kirahisi. Filamu ya 1997, yenye John Goodman kama mwanasheria mwovu, iliiacha kabisa ikashika mbio za kufukuzana. Inachangamsha, lakini hofu imegeuka kichekesho.

Arrietty ya Studio Ghibli, iliyoongozwa na Hiromasa Yonebayashi mwaka 2010, ilitafuta njia nyingine. Nyumba imehamishiwa kando ya Tokyo. Usiku wa kwanza wa kuazima, jikoni panavuma kama bonde lenye upepo. Chai inayomiminwa inadondoka kwa tone moja nene, kwa sababu maji hayabadiliki kwa kumwonea huruma mtu mdogo. Arrietty anavuta tishu, na nyuma yake anaona macho ya mvulana yako wazi, yanamtazama. Kipande cha sukari kinamponyoka. Watengenezaji walitambua kwamba udogo husikika kabla haujaonekana, na kwa maoni yangu hakuna filamu nyingine ya hadithi hii iliyoufikia utambuzi huo.

Wapo wanaolaumu mazungumzo ya bustanini, pale mvulana anapomwambia Arrietty kwamba jamii yake itatoweka. Wanaona ni ukatili usiomfaa kijana mpole kama yule. Mimi nayatetea. Katika kitabu pia mvulana anamhesabia binadamu walivyo wengi na kumwambia huenda yeye ndiye atakayebaki wa mwisho. Maneno hayo yanamuuma, lakini kutokana nayo anaandika barua kwa ami yake Hendreary, aliyehamia kwenye shimo la melesi, na mvulana anaibeba hadi huko akarudi na jibu. Filamu imeiacha barua hiyo. Badala yake imemleta Spiller, kijana wa porini aliyetolewa katika kitabu cha pili cha 1955, awe ushahidi kwamba wengine wapo. Spiller anapendeza, lakini anakuja na habari hizo bila kuitwa. Kwa Norton, ni Arrietty mwenyewe aliyeuliza.