Turubai Kwanza, Bati Baadaye

Upepo ulipoezua sehemu ya paa la msikiti wetu hapa Mkuyuni, ukuta wa kibla ulibaki wazi, na masika hayakuwa mbali. Anayezijua mvua za upande huu wa mashariki wa milima ya Uluguru anafahamu kwamba ukuta wa tofali zilizoungwa kwa udongo hauzistahimili kwa muda mrefu bila kufunikwa.

Katika kikao cha kamati kulizuka mvutano. Wapo waliosema kwamba fedha za mirunda na turubai ni israfu, kwa kuwa vitu hivyo vitaondolewa. Heri yanunuliwe mabati moja kwa moja. Tulikaribia kukubali. Ndipo fundi mmoja mzee akauliza: "Nani kati yenu ataegemeza ngazi kwenye ukuta uliolowa?" Hakuna aliyejibu.

Swali lile lilitukumbusha Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Basi tulianza na kinga. Turubai lilifungwa juu ya fremu inayojitegemea, si kwenye ukuta wala kwenye jukwaa la mafundi, maana upepo huligeuza kuwa tanga likavuta chochote lilichofungiwa. Tuliliinamisha ili maji yamwagike mbali na msingi. Chini ya kila mrunda wa jukwaa tuliweka ubao mpana, usije ukazama katika ardhi tepetepe. Mirunda ya mshazari ikazuia kuyumba, na kizuizi cha usawa wa kiuno kikawekwa upande wa nje. Kila baada ya mvua, kamba zilikaguliwa kabla ya mtu kupanda.

Wanazuoni wametufundisha kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Msikiti ni wakfu, na ukuta wake ni amana. Lakini uhai wa kibarua, anayengojwa jioni na mke na watoto, ni amana kubwa zaidi.

Ijumaa kadhaa tulisali katika madrasa, tukiisikia mvua ikilipiga turubai upande wa pili. Leo mabati yamerudi, ukuta umesimama, na hakuna aliyeanguka. Alhamdulillah.

Na turubai lile lililoitwa israfu? Limekunjwa, limehifadhiwa stoo. Jirani atakayeezuliwa nyumba, awe Muislamu au asiwe, na aje aliazime.