Disleksia Kaliua: Mtoto Asiyesoma Miongoni mwa Wasiosoma

Elimu ya viziwi nchini Tanzania ilianzia Tabora mwaka 1963, Kanisa Katoliki lilipofungua shule mjini humo, na kwa kuwa mji huohuo una Shule ya Furaha ya watoto wasioona, wakazi wa magharibi ya nchi wamezoea kuufikiria msaada wa mtoto mwenye mahitaji maalumu kuwa ni shule ya bweni ambako mtoto hupelekwa, huachwa, na hurejea nyumbani wakati wa likizo. Mazoea hayo yana sababu nzuri, maana bila mabweni watoto wengi wa wakulima na wafugaji wasingefundishwa nukta nundu wala lugha ya alama. Hata hivyo, hayamfai mtoto mwenye disleksia, ambaye ulemavu wake hauonekani kwa macho, na ambaye katika wilaya ya Kaliua, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Tabora kwa njia ya reli ya Kigoma, huenda akamaliza shule ya msingi bila mtu yeyote kulitaja tatizo lake kwa jina.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika unaotokana na namna ubongo unavyozichambua sauti za lugha na kuzihusisha na herufi. Hautokani na uvivu, upungufu wa akili wala malezi mabaya, na mara nyingi huonekana katika ukoo kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini aliyeshindwa kusoma maneno mafupi, na mwalimu wake aliamini kwamba angewashinda wenzake wote iwapo masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Ni maelezo ambayo mwalimu wa Usinge au Igagala angeweza kuyatoa leo kuhusu mwanafunzi wake mwenyewe, tofauti ikiwa kwamba mvulana wa Morgan alikuwa peke yake darasani katika hali hiyo, ilhali wa Kaliua amezungukwa na wenzake wasiosoma kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hizo ni nyingi na zote ni za kweli. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Urambo mwaka 2012, ina watoto wanaofika darasa la kwanza wakizungumza Kinyamwezi, Kisumbwa, Kisukuma au Kiha nyumbani, na huko Ulyankulu, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, Kirundi bado kinasikika. Kwa hiyo mtoto hufundishwa kusoma lugha ambayo hajaizoea masikioni. Zao la tumbaku nalo lina kalenda isiyopatana na ya shule, kwa kuwa kuchuma majani na kuyakausha katika mabani huangukia miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati uleule ambapo darasa la kwanza linafundishwa herufi. Ipo pia malaria: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliitaja Tabora kuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote, takriban asilimia 23 ya watoto wadogo waliopimwa, na tafiti zilizofanywa Kilifi nchini Kenya zimeonyesha kwamba malaria inayopanda kichwani yaweza kuacha athari katika lugha na kumbukumbu. Ukiongeza madarasa yanayozidi mbali wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, kiwango kilichowekwa na serikali, inaeleweka kwa nini mtoto mwenye disleksia huhesabiwa tu kuwa mmoja wa wasiojua KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kazi ya kwanza, basi, ni kumtenganisha na hao wengine, na hapa Kiswahili chenyewe kina masharti yake. Vitabu vingi kuhusu disleksia vimeandikwa kwa kuangalia Kiingereza, ambacho herufi zake hutamkwa kwa namna nyingi, na kwa hiyo dalili kuu inayotajwa humo ni kusoma maneno kwa makosa. Tahajia ya Kiswahili, yaani utaratibu wa kuyaandika maneno yake, ni ya wazi: sauti moja karibu kila mara huandikwa kwa namna moja. Katika lugha za aina hiyo, kama Kiitalia na Kijerumani, watafiti wamegundua kwamba mtoto mwenye disleksia hatimaye huweza kusoma kwa usahihi, lakini kwa polepole mno na kwa kuchoka, huku makosa yake yakijitokeza zaidi katika kuandika. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza watoto wa shule nchini Tanzania, walionyesha mwaka 2003 kwamba hata tahajia hii iliyonyooka si rahisi kujifunza. Mwanafunzi hana budi kutambua kwamba herufi m ni silabi kamili katika neno mtoto lakini si hivyo katika mbuzi, kwamba ng na ng' ni sauti mbili, na kwamba neno moja kama hawatakusomea lina silabi saba ambazo msomaji wa polepole huwa amezisahau za mwanzo anapofikia za mwisho.

Kuna udanganyifu mwingine usiokusudiwa. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hukariri ba, be, bi, bo, bu pamoja na kurasa nzima za kitabu, hata mzazi akaridhika kwamba anasoma, na njia nyepesi ya kumpima ni kumpa maneno ya kubuni yasiyo na maana, mfano bemuko au ndafigo, ambayo hawezi kuwa ameyakariri. Njia ya pili haihitaji hata karatasi: mtoto huombwa atamke kalamu bila silabi ya kwanza, ajibu lamu. Asiyeijua lugha vizuri hufaulu michezo hii baada ya majuma machache ya mazoezi, na aliyekosa vipindi kwa ajili ya tumbaku hupiga hatua haraka akifundishwa tena. Anayeendelea kukwama ingawa anahudhuria na anafundishwa kwa subira, ndiye anayestahili kuangaliwa zaidi. Kabla ya hapo lazima macho na masikio yake yapimwe, kazi inayoweza kufikishwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, kwa sababu uziwi mdogo unafanana sana na disleksia.

Msaada wenyewe ni wa mbinu zaidi ya majengo: kufundisha sauti moja baada ya nyingine kwa mpangilio, kuandika herufi mchangani au hewani huku zikitamkwa, kurudia sana, kumruhusu mtoto ajibu kwa mdomo, na kutomsimamisha asome mbele ya darasa. Mambo haya mwalimu wa darasa la kwanza anayaweza iwapo ataelekezwa, na waelekezaji hawako mbali kama inavyodhaniwa. Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu, ambaye mzazi humfikia kupitia mwalimu mkuu au afisa elimu kata. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichopo Tabora hufundisha shahada ya elimu maalumu, hivyo mkoa wenyewe unazalisha wataalamu ambao zamani wilaya ililazimika kuwasubiri kutoka Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Kuwapanga wanachuo hao katika shule za Kaliua wakati wa mazoezi ya kufundisha kungegharimu kidogo kuliko kujenga bweni.

Jambo la kuepukwa ni kumhamishia mtoto huyu katika kitengo cha elimu maalumu, yaani darasa lililotengwa ndani ya shule ya kawaida, ambalo mara nyingi hupokea watoto wenye ulemavu wa akili. Uhamisho huo hufanywa kwa nia njema, nao humnyima masomo ya hisabati na sayansi ambayo pengine anayaelewa kuliko wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatoa haki ya elimu katika mazingira jumuishi, na imeanzisha kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji, lakini kamati hizo kwa kawaida hufikiria fimbo nyeupe na viti vya magurudumu. Taarifa za Baraza la Mitihani nazo huwataja watahiniwa wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wa viungo, huku mwenye disleksia akikaa katika chumba kilekile na kwa muda uleule kama wengine. Shule inayotaka kumwombea nafasi tofauti katika upimaji wa darasa la nne itahitaji kumbukumbu zilizoandikwa tangu darasa la pili, zenye tarehe, mifano ya madaftari yake na maelezo ya yale ambayo mwalimu alikwisha kuyajaribu.