Je, Wajua? Kaswende Bado Haijaizoea Penisilini

Je, wajua kwamba kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi? Hutokea yapata wiki tatu baada ya kuambukizwa, kisha hupona chenyewe bila dawa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kidonda kimekwenda lakini vijidudu vimo mwilini, na baada ya miaka mingi vinaweza kuharibu moyo, ubongo au macho.

Je, wajua kwamba malaria iliwahi kuwa tiba ya kaswende? Mwaka 1917 huko Vienna, daktari Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewapanda ubongoni, ili homa kali iviue vijidudu. Baadaye aliwapa kwinini. Wengine walipata nafuu, wengine wakauawa na hiyo malaria. Mwaka 1927 akatunukiwa Nobel! Sisi tunaolala ndani ya chandarua tuna haki ya kushangaa.

Afueni ya kweli ilikuja 1943, pale John Mahoney wa Marekani alipowatibu wagonjwa 4 kwa penisilini. Kisonono kimekwisha kuzishinda dawa kadhaa, lakini kaswende hadi leo haijajifunza kuishinda penisilini. Ikigunduliwa mapema, sindano moja ya benzathini penisilini hutosha. Ikiwa ya muda mrefu, hupigwa tatu, moja kila wiki. Inauma, tusidanganyane. Siku ya kwanza unaweza kupata homa na kutetemeka, kwa kuwa vijidudu vinakufa kwa wingi.

Je, wajua kwamba kipimo cha maabara kiitwacho RPR hutumia mafuta ambayo asili yake ni moyo wa ng'ombe? Kipo pia kipimo cha haraka, tone la damu ya kidoleni tu, na kuna kinachopima kaswende na VVU kwa pamoja, hasa kwa wajawazito kliniki. Ila hicho cha haraka huweza kuonyesha alama maisha yote hata kwa aliyepona, hivyo mweleze mhudumu kama uliwahi kutibiwa.

Mjamzito asingoje dalili: kaswende humfikia mtoto tumboni na inaweza kumuua. Na ukikutwa nayo, nenda na mwenzio. Akibaki bila kutibiwa, atakuambukiza upya.