Je, Wajua? Vita, Mahaba na Siri za Ziwa Letu

Sogea kidogo kwenye benchi hili la stesheni ya Mpanda, tusubiri treni wote. Kama nawe ni mgonjwa wa riwaya za vita, zile zenye mpenzi aliyepotea na siri inayokukesheza mpaka alfajiri, sikiliza: mojawapo ya zile maarufu kabisa ilizaliwa kwenye Ziwa Tanganyika, lile lile linalopiga mawimbi Karema na Ikola.

Je, wajua kwamba meli nzima iliwahi kusafiri ndani ya masanduku? Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye masanduku 5,000. Yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni, na mafundi watatu wa kiwanda wakaiunga upya Kigoma. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshapamba moto.

Subiri, utamu wenyewe huu hapa. Tarehe 26 Julai 1916 meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, isije ikatekwa. Lakini kwanza mafundi wale wale walizipaka injini grisi nene, kona kwa kona, kama mama anayemfunika mwanawe blanketi! Waingereza wakaiopoa 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo bibi yako wa Ikola aliyepanda Liemba kwenda Kigoma, alipanda manowari ya Kaisari. Mwambie!

Na mzinga je? Meli hiyo ilipewa mzinga wa sentimita 10.5 ulionasuliwa kutoka manowari Königsberg, iliyoishia kwenye delta ya Rufiji. Baadaye mzinga ukahitajika kwingine, pakasimamishwa wa bandia, wa mti mtupu. Kutoka mbali, nani angejua?

Je, wajua kwamba ng'ambo ya pili kulikuwa na boti ya kivita iliyoitwa Mimi? Ndiyo, Mimi! Kamanda wa Kiingereza, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka boti zake mbili ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, akawazunguka kwa Kifaransa cha watoto: Mimi na Toutou. Boti hizo za mita 12 zilitoka Uingereza hadi Cape Town, zikapanda treni, kisha zikakokotwa na mashine za mvuke na maksai kupita milima ya Katanga. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani kwa dakika chache tu. Kamanda mwenyewe alipenda kuvaa sketi ya kaki. Mwandishi gani angethubutu kubuni hilo?

Mwaka 1935 C. S. Forester alichota humo humo, akaongeza dada wa mmisionari na fundi boti mpenda pombe, wakapendana mtoni huku wakipanga kuilipua meli ya Wajerumani. Ndiyo The African Queen. Filamu yake ya 1951 ilimpa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Shika hapa sasa: kamera hazikufika Tanganyika kabisa, zilikwenda Uganda na Kongo! Na miisho ni miwili. Katika filamu, boti yao ndiyo inayoizamisha meli ya adui. Katika kitabu, mpango wao unaharibika na kazi inamalizwa na boti mbili za jeshi. Mimi niko upande wa kitabu. Mapenzi yanayobaki baada ya mpango kuharibika ndiyo yanayonishika roho.

Wale mafundi watatu wa grisi nao wana riwaya yao. Aliiandika Alex Capus wa Uswisi, kwa Kijerumani, 2007.

Na sisi? Sisi tuna Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya Fasihi 2021. Katika Afterlives ya 2020, askari Hamza anarudi pwani na jeraha la vita na kumpenda Afiya. Kaka yake Afiya, Ilyas, aliwafuata Wajerumani vitani kwa hiari yake na hajarudi. Yuko wapi? Sikuambii ng'o! Kama Kiingereza kinakuchosha, anza na Peponi, riwaya yake ya 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Nayo inafika hadi kizingiti cha vita hivyo.

Sasa pokea kisa cha kweli kabisa. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904 na kuingia jeshi la Wajerumani angali mtoto wa miaka kumi hivi. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akafundisha Kiswahili, akaoa huko, akaonekana katika filamu zaidi ya 20. Alikamatwa 1941, akafia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kisome kisa hiki tena ukishamaliza Afterlives, uone nywele zitakavyokusimama.

Je, wajua kwamba Ulaya waliweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918, lakini huku vita vilikuwa bado? Jeshi la Kijerumani la huku, chini ya kamanda wake Lettow-Vorbeck, lilisalimu amri tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, leo Mbala, kusini mwa ziwa letu hili hili. Wiki mbili nzima! Hebu mpe barua mtunzi, aifanye ichelewe wiki hizo mbili.

Hata reli hii ya kwenda Kaliua, kilomita 210 hivi, ilijengwa kwa ajili ya risasi. Usishtuke: risasi ya madini, ya mgodi wa Mpanda.

Na Karema! Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga boma pale, na mfalme wao Leopold akawa ametuma ndovu wanne kutoka India, walioshushwa Dar es Salaam. Mmoja tu ndiye aliyefika ziwani. Kiongozi wa msafara, Carter, aliuawa Mpimbwe 1880 katika mapigano ya nyakati za mtemi Mirambo. Mpimbwe hii hii ya Katavi, ndugu yangu!

Lakini moyo wangu uko kwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema. Akaoa, akabaki. Alitibu watu wa mwambao ule wa ziwa kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita, chini ya Wajerumani na chini ya Waingereza, miaka 67, hadi alipofariki 1956.

Honi hiyo, treni inaingia. Ukifika Karema siku moja, omba uonyeshwe kaburi lake.