Fahamu: Saa ngapi kutoka Kilwa ya Mweru hadi Kilwa ya pwani?

Kilwa ya Zambia, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Mweru, na Kilwa Kisiwani ya Tanzania ziko karibu kwenye latitudo moja. Angani zinatenganishwa na takriban kilomita 1,200, na jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu. Hivyo ndivyo vikokotoo vya mtandaoni hupiga hesabu, nayo humpotosha msafiri, kwani hakuna ndege ya abiria inayokwenda moja kwa moja. Msafiri huvuka kwa boti hadi Nchelenge, kisha hushika barabara ya Mansa hadi Lusaka, zaidi ya kilomita 1,000. Ndege ya Lusaka hadi Dar es Salaam huruka kama kilomita 1,500 kwa saa mbili na kitu. Tiketi itaonyesha saa moja zaidi, kwa kuwa saa za Tanzania ziko mbele ya za Zambia. Hapo bado zimebaki kilomita 300 hivi za barabara hadi Kilwa Masoko, na boti tena.

Wapo watakaosema umbali wa angani ndio kipimo cha haki, kwa kuwa haubadiliki na rubani huutumia kukadiria mafuta. Kwa rubani ni kweli. Lakini mfanyabiashara wa samaki au mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa hulipia barabara na muda wa kungoja, na barabara ya kwenda Lusaka peke yake hula muda mwingi kuliko ndege yenyewe.