Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani (3): Askari wa miguu na gobori lake

Wiki iliyopita tulikuwa na majemadari na ramani zao. Leo tushuke mstarini kwa askari wa miguu wa jeshi la Kaskazini, mlipwa dola 13 kwa mwezi, pale Gettysburg katika jimbo la Pennsylvania, Julai 1863.

Mara nyingi silaha yake ilikuwa gobori la Springfield, lenye uzito wa kama kilo nne. Kulijaza kulitaka mikono iliyotulia. Alirarua kwa meno karatasi iliyofungiwa baruti na risasi, akamimina baruti mtutuni, akatia risasi, akachomoa mdeki na kushindilia, akaurudisha mdeki mahali pake, akapachika fataki, ndipo alenge. Aliyezoezwa vizuri alifyatua mara tatu kwa dakika. Aliyafanya hayo amesimama, bega kwa bega na wenzake, maana kushindilia gobori umelala ni taabu tupu, na ofisa naye aliweza kuwaamrisha kwa sauti pale tu walipokuwa pamoja. Wanaowaona watu wale wapumbavu kwa kusimama wima mbele ya risasi wanawaonea.

Baada ya kufyatua mara chache moshi ulitanda, adui asionekane. Midomo ilikuwa myeusi kwa baruti, na kiu kilikausha koo.

Mapigano ya Gettysburg yalipokwisha, ziliokotwa uwanjani bunduki zaidi ya 27,000. Karibu 24,000 kati yake zilikuwa bado zimeshindiliwa. Zenye risasi moja hazishangazi, kwani huenda mwenyewe aliangushwa kabla hajafyatua. Lakini maelfu zilikuwa na risasi mbili, nyingine tatu hadi kumi, na moja ilikutwa na 23! Wapo wanaodai kwamba wenye bunduki hizo hawakutaka kuua. Kwa baadhi yao yawezekana. Mimi naona hofu na kelele zinatosha kueleza mengi: mtu amesahau fataki, amevuta kifyatuo, majirani zake wote wanapiga kwa pamoja, hasikii kwamba yake haikulia. Anashindilia nyingine juu yake. Mikono inafuata mazoezi, akili imeshatoka.

Upande wa pili mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alasiri ya tarehe 3, askari wa Kusini wapatao 12,500 walivuka uwanda wa zaidi ya kilomita moja kuelekea kilima cha Cemetery Ridge, mizinga ikiwapiga njia nzima. Kwenye barabara ya Emmitsburg walikuta ua wa mbao. Ilibidi waukwee, na anayekwea ua hana pa kujificha wala hawezi kupiga. Wengi waliishia hapo. Zaidi ya nusu ya kikosi kile waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa.

Wiki ijayo tutawafuata majeruhi hadi kwa madaktari. Risasi ya gobori ilikuwa laini na nzito, ikigonga mfupa inausaga vipande vipande, na ndiyo sababu kubwa iliyowafanya madaktari wale washinde na misumeno mkononi.